Kabla ya kutunga shanga, toka nje utazame

Kabla hujafungua pakiti ya shanga, toka nje uchague kitu cha kutazama: ndege, wingu, jani, gamba la kobe. Kimoja tu. Natunga shanga hapa Arusha, na vidani ninavyoviona vimekosa uhai ni vile vilivyobebeshwa ua, kipepeo, jua na twiga kwa mpigo.

Mimi nampenda kanga. Mtazame kwa karibu: mwili mweusi unaoelekea kijivu, madoa meupe kila mahali, shingo ya buluu, wekundu kidogo usoni. Kwa bangili yake natunga nyeusi tatu, nyeupe moja, nyeusi tatu, nyeupe moja. Mstari unaofuata nausogeza, ili kila nyeupe ikae kati ya nyeupe mbili za juu yake. Usipousogeza, madoa yanapangana yanakuwa milia, na kanga ameshapotea. Buluu inatosha mstari mmoja pembeni. Nyekundu ziwe chache, karibu na kifungio, maana zikizidi ndizo zitakazotazamwa peke yake.

Kwa madoa safi nunua shanga namba 11. Kumbuka namba ikipanda, ushanga unapungua ukubwa. Sugua chache kwa kitambaa cheupe kilicholowa kwanza. Zikichuja hapo, zitachuja shingoni mwa mteja. Tumia uzi wa nailoni, kwani kingo za vioo hukata uzi wa pamba.

Rangi nazo zina maneno yake. Kwa Wamaasai nyekundu ni damu na ushujaa, nyeupe ni maziwa, buluu ni anga inayoleta mvua, kijani ni nyasi. Nyeusi ndiyo inayonigusa zaidi. Enkai Narok, Mungu mweusi, ndiye wa mvua na baraka. Enkai Nanyokie, mwekundu, ndiye wa hasira. Kwa hiyo nikitunga kidani cha masika naanza na nyeusi nyingi, rangi ya wingu lililojaa, kisha buluu, na kijani chini kabisa. Mtu aliyezoea kuiona nyeusi kama msiba tu hawezi kuutunga mpangilio huo.

Shanga za vioo zenyewe zilikuja kwa bahari. Katika karne ya 19 misafara ilizibeba kutoka pwani kwenda bara, na zile nyekundu zilizopendwa sana ziliitwa samesame. Kabla yake watu walivaa mbegu, mifupa na maganda ya mayai ya mbuni. Vioo vilikuwa vya wageni, lakini maana ilitoka kwenye mifugo, nyasi na mvua.

Ndiyo maana nakusihi: ukichukua mtindo wa watu, kaa na akina mama wanaoutunga, waulize, na uwalipe kwa muda wao. Isurutia, kwa mfano, ni pambo la mwanamke wa Kimaasai aliyeolewa. Mimi silitungi kwa ajili ya kuuza.