Umeenda kung'oa jino, tabibu kakuvuta ulimi: si utapeli

Mkuu, nimelisoma swali lako. Umeenda kliniki ya meno hapo Masasi kung'oa gego, tabibu kabla ya kukuchoma ganzi akakuvuta ulimi, akakubonyeza shingo, akakuuliza kama unabwia ugoro na kunywa uraka (pombe ya mabibo), kisha akasema urudi baada ya wiki mbili aangalie tena kiraka cheupe ndani ya shavu. Unauliza kama ni janja ya kukuchomoa hela. Hapana. Kakufanyia kitu ambacho wengi wetu huku Kusini tunatoka kliniki bila kufanyiwa.

Alikuwa anatafuta dalili za saratani ya kinywa. Kazi yenyewe haina mashine: taa, kioo kidogo, glovu na gozi (kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda). Mjomba wangu alipokaguliwa hapa Mtwara mjini nilisimama pembeni, kwa hiyo nakueleza nilichokiona. Tabibu alimvua kwanza meno ya bandia ya juu. Akashika ncha ya ulimi kwa gozi, maana ulimi mtupu unateleza, akauvuta kulia akatazama ubavu, akauvuta kushoto. Akamwambia ainue ulimi, akaingiza kidole chini yake huku mkono wa pili ukikandamiza kwa nje chini ya kidevu, kama mtu anayetafuta kokoto kwenye unga. Halafu mashavu, fizi, midomo, koo, na mwisho shingo pande zote kutafuta tezi zilizovimba. Yote hayo hayakuzidi dakika chache.

Kidonda kilikuwa ubavuni mwa ulimi, kidogo tu, kingo zake ngumu, mkabala na jino lililovunjika. Na hakikuwa kinamuuma! Hapo ndipo penye mtego. Sisi kliniki ya meno tunaijua jino likitutoa machozi usiku, wakati saratani ya kinywa ikiwa changa mara nyingi haiumi kabisa. Mjomba, mkulima wa korosho Newala, alikuwa na maelezo yake: alibangua korosho mbichi kwa meno, mafuta ya ganda yakambabua. Ni kweli yanababua, nani huku hajui. Lakini mbabuko wa korosho unapona, na kile kidonda kilivuka msimu mzima kikiwa palepale. Duka la dawa walikuwa wakimpa dawa ya fangasi, ikiisha anapewa nyingine.

Tabibu hakumwambia "una saratani". Alisawazisha ile ncha ya jino, akasema kama tatizo ni jino kukwaruza, kidonda kitafunga ndani ya wiki mbili. Hakikufunga. Akaandikiwa rufaa, kikakatwa kipande kidogo cha nyama kwenda maabara. Nyumbani zikaanza kelele: wazee wakashikilia kwamba uvimbe ukiguswa na kisu unasambaa. Ndugu zangu, kinachosambaza ni kuuacha ukue, na bila kile kipande hakuna daktari anayeweza kuthibitisha ni nini, hata awe bingwa wa mabingwa.

Majibu yakaja: saratani, changa. Alifanyiwa upasuaji Muhimbili, ikatolewa sehemu ya ubavu wa ulimi. Leo anakula ugali wake na anagombana na watu mnadani kama zamani. Herufi R ndiyo inamsumbua, ila sisi Wamakonde hatukuwa marafiki nayo tangu mwanzo.

Sasa piga hesabu ingekuwaje angechelewa. Saratani ya kinywa ikishakua, upasuaji unakuwa mkubwa, na mara nyingi unafuatiwa na mionzi: siku tano kwa wiki, wiki sita au saba mfululizo. Mionzi hiyo angeifuata hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara. Huwezi kwenda na kurudi. Unahamia Dar, wa kukuuguza anahamia na wewe, na mikorosho nani ataipulizia salfa?

Maswali ya ugoro na uraka usiyachukie. Tumbaku, iwe ya kuvuta, kubwia au kutafuna, pamoja na pombe, ndivyo vinavyoongoza kuleta ugonjwa huu, na anayetumia vyote viwili hatari yake inapanda maradufu na zaidi. Wala tambuu haina usalama: popoo, ile kokwa inayotafunwa ndani yake, peke yake, hata bila tumbaku, inasababisha saratani. Ndugu zetu wenye ualbino waangaliwe sana mdomo wa chini, kwa sababu ya jua.

Kuna aliyechangia hapo juu kwamba kuangalia kwa macho ni ubabaishaji. Kerala, India, walilijaribu jambo hili kuanzia 1996 kwa wahudumu wa afya waliofundishwa tu kukagua kinywa. Matokeo yaliyotoka 2005 yalionyesha kwamba kati ya watumiaji wa tumbaku au pombe, vifo vya saratani ya kinywa vilipungua kwa takriban theluthi moja. Macho na taa, basi.

Kuhusu kiraka chako, usianze kuandika wosia. Viraka vyeupe vingi haviishii kuwa saratani. Utando wa fangasi kwa kawaida unafutika kwa gozi. Kisichofutika ndicho kinachofuatiliwa, na kiraka chekundu kinatisha kuliko cheupe. Rudi tarehe uliyopangiwa hata kama pengo la gego limeshapona. Kiraka kikiwa bado kipo, usikubali chupa nyingine ya kusukutua, omba rufaa ya kukatwa kipande. Na wengine mnaosoma, mkikaa kwenye kile kiti semeni tu: "Tabibu, naomba unikague kinywa chote na shingo." Mwenye meno ya bandia ayavue mwenyewe bila kusubiri kuambiwa, na mbwia ugoro ataje ni upande gani huwa anauweka.