Barua ya Tatu Inayozuia Nyingine

SWALI: Assalamu alaykum, Mhariri. Mimi ni mwalimu nisiyeona, mkazi wa Langoni, Lamu. Kifaa changu cha breli cha mkononi hufungua kurasa za intaneti bila taabu, lakini nikipakua barua pepe husimama kwenye barua ya tatu kati ya arubaini, na vidole vyangu husoma "muunganisho umekatika". Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykum salaam, Mwalimu. Maadamu barua mbili zinafika, nenosiri lako halina kasoro, basi usiliguse. Ninaishuku barua ya tatu yenyewe: huenda imebeba kiambatisho kizito, na kwa kuwa POP3 (utaratibu wa kupakua barua pepe ambao nadhani kifaa chako hutumia) huzichukua barua moja baada ya nyingine, iliyokwama huzizuia zote zilizo nyuma yake, mithili ya punda wa matofali aliyegoma katikati ya kichochoro chenu.

Kwanza hakikisha kifaa kimeagizwa kuacha nakala kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma inayohifadhi barua zako. Kisha fungua kisanduku pokezi kwa simu yenye kisomaji cha skrini (huna haja ya kumpa mtu nenosiri lako), utafute barua inayofuata ile ya mwisho iliyofika kwenye kifaa chako, uihamishie folda nyingine, ndipo upakue upya.

Ikikwama tena, ongeza muda wa kusubiri ikiwa mipangilio inaruhusu. Kifaa kikikubali IMAP, utaratibu mwingine wa kupokea barua pepe, ambayo kwa usimbaji (kuficha data njiani) hutumia poti (namba ya mlango wa muunganisho) 993 badala ya 995 ya POP3, mimi ningehamia huko, kwani huweza kuleta vichwa vya barua kwanza na kuviacha viambatisho mpaka uviitishe.