Kandarasi ya Kilifi au Uinchaji wa Kisauni?

SWALI: Shikamoo Bi. Mimi ni msichana wa miaka 26, naishi Kisauni, Mombasa, kwa mama yangu. Nilimaliza diploma ya maabara, nikasajiliwa na bodi ya wanamaabara, na huu ni mwaka wa tatu niko kwenye maabara ya kliniki ya kibinafsi hapa hapa mtaani. Tuko watatu. Tunapima malaria, mkojo, sukari, mimba, hesabu ya damu. Mwezi uliopita nilifanya usaili wa mradi wa utafiti Kilifi, nikachukuliwa, lakini kandarasi yenyewe ni ya mwaka mmoja. Nilipomwambia mwenye kliniki, akasema nikibaki atanifanya inchaji, yaani msimamizi wa maabara. Mama anasema kazi ya mwaka mmoja si kazi, ni kibarua cha kuvaa koti jeupe. Mimi ndoto yangu ni kuja kuendesha maabara kubwa ya utafiti. Nishike lipi?
Binti wa Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu. Mama yako amenichekesha, kwa sababu baba yangu, Mungu amrehemu, alisema karibu maneno hayo hayo nilipoingia kazi hii ya maabara za utafiti kwa kandarasi ya miezi sita. Ikaongezwa, ikaongezwa tena, hata nikaacha kuhesabu. Lakini usimwambie mama kwamba nimesema amekosea. Hakukosea. Pesa za utafiti huja na tarehe ya kuisha, na siku ikifika hata mwenye shahada tatu anafungasha vitabu vyake kwenye boksi. Kwa hiyo kabla hujatia saini uliza ufadhili wa mradi wenyewe unaisha lini. Kandarasi ya mwaka mmoja ndani ya mradi uliobakisha miaka minne si sawa na kandarasi ya mwaka mmoja ndani ya mradi unaokata roho.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana nahofia unadhani utafiti ni kliniki yenye mashine ghali zaidi.

Chukua slaidi ya malaria unayoijua. Kliniki ukiona vimelea unaandika vipo, unatia alama za kujumlisha, moja au mbili au tatu, na mgonjwa anaondoka na dawa. Mtafiti alama za kujumlisha hazimfai. Anataka idadi. Unahesabu vimelea huku unahesabu seli nyeupe mpaka zifike 200, unagawanya vimelea kwa seli hizo, unazidisha kwa 8,000, ndipo unapata kadirio la vimelea kwenye maikrolita moja ya damu. Na huwezi kuandika hakuna kitu kabla macho hayajapita angalau sehemu 100 za slaidi kwenye lenzi ya mafuta. Ukimaliza, slaidi hiyo hiyo anapewa mwenzako asiyejua wewe umeona nini. Mkipishana sana anaitwa wa tatu. Mara ya kwanza kupishana na mwenzangu nilinuna wiki nzima, nikiona kama nimeitwa mwongo. Alikuwa sahihi yeye. Nilikuwa nimehesabu chembe za Giemsa, ile rangi ya kupaka slaidi, iliyoganda, kwa kuwa asubuhi ile niliona uvivu kuichuja.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Kliniki kuna mama amekaa kwenye benchi la mbao anasubiri, mtoto anachemka, na jibu lako linatumika jioni ile ile. Utafiti jibu lako litakuja kuulizwa baada ya miaka minane na mtu ambaye hamjawahi kuonana, na wewe hutakuwepo kumwambia, "Ah, siku ile stima ilipotea." Kitakachomjibu ni daftari. Chanjo ya malaria ya R21, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2023, ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 4,800 katika nchi nne, na Kilifi ni mojawapo ya sehemu hizo. Nyuma ya kila tarakimu kwenye ripoti kama ile pana mtu aliyeandika saa ya kutolewa damu, saa ya kufika maabara, na jina la aliyeipokea. Sijui mradi wako wewe unachunguza nini, hukusema, lakini daftari ni lile lile.

Nikupe aibu yangu moja. Nilikuwa naibu wa meneja kwenye maabara ambayo sitaitaja. Tulikuwa na friza la nyuzi 80 chini ya sufuri, limejaa seramu, yaani maji ya damu, za watoto, vichupa vya miaka minne. Usiku wa kuamkia Idi mosi kompresa ikafa. King'ora kilifanya kazi yake vizuri kabisa, kikapiga simu mara kumi na moja. Namba iliyosajiliwa ilikuwa ya kijana aliyeacha kazi miezi saba nyuma. Alikuwa zake kwao bara, akaona namba asiyoijua inamsumbua usiku wa manane, akazima simu akalala. Mimi nilifika Idi pili, kanga begani, nimebeba kibakuli cha kaimati za mlinzi, nikakuta maji sakafuni.

Kubadilisha namba ile ilikuwa kazi yangu mimi. Ilikuwa kwenye orodha ya ukaguzi wa kila mwezi, mstari wa nne, na kila mwezi nilikuwa natia tiki bila kunyanyua macho.

Tulihamisha kilichobaki, tukaandika kwenye kila kichupa kwamba kiliyeyuka, tukapeleka barua kwa kamati ya maadili na kwa wafadhili. Antibodi huvumilia kuyeyuka mara moja, kwa hiyo vipimo vya kinga viliendelea. RNA, ule ujumbe wa vinasaba, haivumilii. Sehemu ile ya utafiti ilikufa usiku ule, na wale watoto walikwisha chomwa sindano zao, huwezi kurudi kijijini ukawaambia mama zao tunaomba damu ya miaka minne iliyopita. Hakuna aliyenifukuza. Meneja wangu aliniambia tu, kuanzia leo kila Ijumaa utachomoa kile kipimajoto uone simu inalia mfukoni mwa nani. Nimeifanya kazi hiyo mpaka leo, na wanaofanya chini yangu wananiona nina wazimu kidogo.

Kwa hiyo tukirudi kwa mwenye kliniki na cheo chake. Usikidharau, lakini kipime. Uinchaji una maana moja tu kwangu: una ruhusa ya kusimamisha kazi au huna? Kila asubuhi kabla ya damu ya mtu yeyote, mashine yako inatakiwa ipimwe kwa sampuli ya udhibiti ambayo jibu lake unalijua, na jibu hilo uliweke kwenye chati. Chati hizo Levey na Jennings walizileta maabara tangu 1950, na kanuni za kuzisoma aliziandika Westgard mwaka 1981, kwa hiyo si fasheni mpya. Nukta moja ikiruka nje ya mstari wa tatu kutoka ule wa kati, juu au chini, unasimamisha. Nukta kumi zikikaa mfululizo upande mmoja wa mstari wa kati, hata kama zote ziko ndani, mashine inakuambia imeanza kuhama. Basi nenda kamuulize bosi wako: asubuhi ambayo chati imekataa, naruhusiwa kuwaambia wagonjwa leo hesabu ya damu haipo? Akisema ndiyo, na akakubali wewe ndiye wa kuchagua vitendanishi, zile dawa za kupimia, vinunuliwe wapi, hiyo ni kazi ya kweli na utajifunza mengi. Akicheka akasema watakimbilia kliniki ya pili, basi anachokupa ni saini yako chini ya makosa yake.

Swali hilo hilo kaulize Kilifi. Nani ana uwezo wa kusema leo hatutoi majibu? Na king'ora cha friza kinampigia nani? Kwenye usaili watu huuliza mshahara na likizo. Uliza na hayo, utaona nani anakutazama machoni.

Na kama kweli unataka kuja kuendesha maabara, jua mapema kwamba siku zako nyingi hutagusa pipeti. Mimi nashinda na mambo ambayo hakuna aliyeyasomea. Unyevu, kwa mfano. Mji wetu huu hadubini ikilala kwenye sanduku lake bila pakiti za silika unaikuta lenzi imeota ukungu, na chumvi ya bahari hula bawaba za incubeta kama mchwa. Mafriza nayo yanatoa joto kali, kwa hiyo kiyoyozi hakizimwi usiku wala Idi, na ukiona mhasibu anataka kukizima kubana matumizi, mketishe, mwagizie kahawa, mweleze pole pole. Halafu vitendanishi. Tunakaa mdomoni pa bandari, meli tunaziona zikiingia Kilindini, lakini kitendanishi cha nyuzi 2 hadi 8 hakiji na meli. Changu kinakuja kwa ndege, na karatasi moja ikikosewa kinakaa uwanjani barafu ikiyeyuka. Nikiagiza, nahesabu wiki za njiani kwanza, ndipo naangalia tarehe ya kuharibika.

Halafu wakaguzi. Orodha ya Shirika la Afya Duniani kwa kanda ya Afrika inatoa nyota: chini ya asilimia 55 huna hata moja, ukifika 95 unapata tano. Baada ya hapo ndipo mtu anafikiria ithibati ya ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha maabara za tiba, ambacho toleo lake la sasa ni la 2022. Vijana wanaziogopa karatasi hizi. Mimi nilizichukia kabla ya ile Idi.

Ushauri wangu, kwa kuwa umeuliza nishike lipi: kama mwenye kliniki hakukujibu vizuri, nenda Kilifi. Una miaka 26, huna mtoto wa kumlipia ada, na mama yuko hai wa kukupokea ikivunjika. Lakini usijaribu kwenda na kurudi kila siku, foleni ya Mtwapa itakumaliza kabla ya mradi kuisha. Tafuta chumba Mnarani au ng'ambo ya daraja. Leseni ya bodi ihuishe kila mwaka na pointi za mafunzo uzikusanye, hata kama kule utakuwa unashika mbu tu. Nimeona wenzangu waliiacha ikalala, mradi ukaisha, hospitali hazikuwachukua. Na mwaka wa pili anza digrii. Chuo Kikuu cha Ufundi hapa Tudor kinafundisha maabara ya tiba, na ukiwa Kilifi Chuo Kikuu cha Pwani kiko mlangoni pako. Usisubiri mradi ukusomeshe. Wakikusomesha, alhamdulillahi.

Mama mwambie utarudi wikendi. Na urudi kweli.

SWALI: Bi, mimi nina digrii ya biokemia, niko Likoni. Naweza kuwa meneja wa maabara bila kusomea maabara ya tiba? Na nichukue shahada ya uzamili ya sayansi au ya biashara?
Yakhe wa Ng'ambo

JIBU: Kwenye maabara ya utafiti, ndiyo, nimefanya kazi chini ya mwanabiokemia na alikuwa hodari kunishinda. Ila majibu yanayokwenda kwa mgonjwa yanataka mtu aliyesajiliwa na bodi, hiyo ni sheria tangu 1999, kwa hiyo ajiri mwenye leseni na umsikilize anapokataa kutia saini. Kuhusu shahada, chukua ya sayansi. Hesabu za bajeti nilifundishwa na mhasibu wetu kwa wiki mbili, tukila viazi karai mezani pake, na bado ananisahihisha. Lakini siku mtafiti mkuu anapotaka kubana gharama kwa kupunguza sampuli za udhibiti, utahitaji kumwonyesha kwa lugha yake kwa nini haiwezekani, na hapo shahada ya biashara haitakusaidia.

Jambo moja hukuliuliza: kivuko. Ukipata kazi upande wa kisiwani, waambie mapema unakaa Likoni, ili jina la kwanza kwenye simu ya king'ora liwe la mtu anayeweza kufika usiku bila kusubiri feri. Wewe uwe wa pili.