Chuo kinachotaka kuinua uchumi wa Kusini kianze na kalenda ya korosho

Programu nyingi za vyuo za kushirikiana na jamii hukwamishwa na ratiba. Mwaka wa masomo hufunguliwa Oktoba au Novemba, na ndipo barua za kuomba ushirikiano huanza kuandikwa. Huku Mtwara na Lindi wakati huo watu wanaokota korosho, katibu wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, hatoki ghalani, minada imepamba moto. Atakayekuja kwenye semina amefuata posho.

Kupanga kufanyike minada ikishatulia. Wanafunzi wa fildi wakitoka Julai hadi Septemba watakuta wakulima wanapuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Hapo wana cha kujifunza na cha kusaidia.

Kamati isizidi watu 9: viongozi wa AMCOS, mbanguaji mdogo, ofisa ushirika wa wilaya, mtafiti wa TARI Naliendele (kituo cha utafiti wa kilimo kilichoko Mtwara), na kwa chuo cha pwani, mkulima wa mwani. Mwenyekiti asiwe mhadhiri. Mratibu naye apunguziwe vipindi, la sivyo atakuwa mratibu wa jina.

Kazi ya kwanza iwe ndogo na yenye pesa ndani yake. Chukua ubora. Korosho ghafi hutakiwa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 10. Ukizidi, mkulima anaambiwa akaanike tena, na nauli ya kurudisha mzigo ni yake. Wanafunzi wawili wenye mizani ya gramu na kikatio wanaweza kupima kiini pia. Wachote kidogo kidogo kutoka magunia mengi hadi ipatikane kilo 1, wakate kila korosho katikati, watenge viini vizuri, vyenye madoa na vilivyooza. Uzito wa vizuri, kwa gramu, ujumlishwe na nusu ya uzito wa vyenye madoa, uzidishwe kwa 80, ugawanywe kwa 453.6. Hizo ni ratili (paundi) za kiini kwa gunia la kilo 80, kipimo anachokitazama mnunuzi. Jumla ya gramu 270 katika ile kilo 1 ni kama ratili 47.6 kwa gunia. Wanaoharibu kazi hii ni wale wanaochota juu ya gunia moja, wakamaliza. Glavu zisisahaulike: mafuta ya ganda huunguza ngozi.

Majibu yabandikwe kwenye ubao wa AMCOS kabla ya mnada unaofuata. Yakisubiri tasnifu ipite, korosho zimeshapanda meli.

Ripoti zetu hupenda kuhesabu semina. Hesabu magunia yaliyorudishwa kwa unyevu, AMCOS kwa AMCOS, ukianza na msimu kabla ya programu. Weka pia AMCOS moja jirani isiyo kwenye programu, kwa sababu mvua ikiwahi, korosho hulowa chini ya mikorosho kwa wote, na ikichelewa chuo kitajisifu kwa kazi iliyofanywa na jua.