Mkuu, weka huo wembe chini: tumbawe laini halikatwi ndani ya tangi

Mkuu, subiri kwanza. Umeuliza mambo manne kwa mpigo: uikate Sarcophyton yako (lile tumbawe laini la ngozi, lenye shina na kofia kama uyoga) humo humo kwenye tangi la samaki la lita 120, ubandike vipande kwa supaglu, vitahitaji taa gani, na uviuze bei gani; mwishoni ukazitaja na zoa zako. Ukifanya hilo la kwanza, hayo mengine matatu hutakuwa na sababu ya kuyauliza.

Tumbawe laini halikatwi ndani ya tangi. Halikatwi "kidogo tu", halikatwi "nikishazima pampu", halikatwi hata kama jamaa wa kwenye video kalikata huku anapiga soga. Linatolewa, linakatwa kwenye beseni, linasuuzwa, ndipo linarudi.

Hili la ngozi halina mifupa ya mawe ya kujikinga, kwa hiyo linajilinda kwa kemikali. Nyama yake imejaa terpeni. Hizo ndizo zinazomfanya samaki aonje mara moja kisha akatafute chakula kwingine, na ndizo zinazodumaza matumbawe yanayolisogelea. Likiwa zima linazitoa kidogo kidogo. Ukilipasua unamwaga ghala zima, ute juu. Baharini likichanwa na mawimbi, maji yanapwa na yanajaa, uchafu wote unakwenda zake. Wewe una lita 120 za kwenye karatasi. Toa mawe na mchanga, zimebaki kama 100, na pampu yako inazungusha maji yale yale kutwa kucha kupitia kila polipu (kinyama kidogo cha tumbawe) uliyonayo.

Msiba wenyewe una mpangilio wake. Kwanza skima, ile mashine inayochuja uchafu kwa povu, inafurika. Kufikia usiku matumbawe majirani wamejifunga, na kama una Acropora au matumbawe mengine ya mawe yenye polipu ndogo, hao ndio wanaotangulia: ngozi inachubuka, mfupa mweupe unabaki wazi. Vinyama vilivyodondoka nyuma ya mawe, usivyoviona wala kuvifikia, vinaanza kuoza. Bakteria wanamaliza oksijeni, amonia inapanda, na alfajiri unakuta samaki wako juu wanahema mbio mbio. Hapo ndipo mtu anaanza kulaumu chumvi ya dukani.

Wanaotufikisha huku nawajua. Kuna muuzaji anayekwambia "laini hazifi, kata popote". Ikifa si anakuuzia nyingine? Na kuna mtengeneza video mwenye mfumo wa lita 1,500, tangi la kuchujia la chini lenye kaboni (mkaa wa kuchujia maji) ya kutosha, pipa zima la maji mapya pembeni, na vyote hivyo kamera haivipitii. Anaingiza mkono, anakata, anatabasamu, video imeisha. Ya kesho yake hupandishiwi. Mniite mwoga wa ute, poa tu, mwoga ana samaki.

Sasa sikiliza. Siku moja kabla, changanya maji mapya ya chumvi kwa maji ya RO, yaani yaliyochujwa kwa mashine: 1.025 kwenye rifraktomita, kile kipima chumvi, joto lile lile la tangi, nyuzi 25 au 26. Hakikisha tumbawe limefunguka vizuri. Likiwa limejifunga na juu lina ngozi inayong'aa, linajivua, liache hata wiki nzima. Ulilolinunua juzi nalo liache lizoee.

Andaa beseni tatu ambazo hazijawahi kuonja sabuni. La kwanza weka maji ya tangi, mawili yanayofuata maji mapya. Vaa glavu na miwani ya kukinga macho, maana likibanwa linarusha maji. Litoe na jiwe lake. Kata kwa wembe mpya, mkato mmoja wa kwenda moja kwa moja. Mkasi butu unaponda, na nyama iliyopondwa ndiyo inayooza. Ondoa kofia yote, acha shina la sentimita 3 hadi 5 juu ya jiwe. Usilihurumie, litaota kofia nyingine. Kofia yenyewe igawe kama mkate wa kumimina, kila kipande kisipungue sentimita 3.

Angalia maji ya beseni la kwanza hapo: yamekuwa na utando, yananuka, nyuzi za ute zinaning'inia kwenye kidonda. Huo ndio mchuzi uliokuwa unataka kuwanywesha samaki. Hamishia vipande beseni la pili, vitikise polepole dakika 10, kisha la tatu dakika nyingine 10. Shina na jiwe lake vinasuuzwa vile vile, hapa ndipo wengi wanajisahau. Maji ya beseni zote tatu yanamwagwa, hata tone lisirudi tangini. Ukitaka kuchovya kwenye ayodini, tumia ya matumbawe kwa kipimo cha chupa. Ile ya kunawia mikono hospitalini ina sabuni ndani.

Vipande vilale kwenye ndoo yenye pampu ya hewa na joto la kawaida la tangi. Asubuhi badilisha maji, chochote kilichoanza kuwa cheusi tupa, ndipo virudi. Kabla havijarudi, kaboni iwe imeshaingia: kikombe kimoja kwa lita 200, kwa hiyo kwako nusu kikombe na kidogo. Isuuze vumbi na uiweke mahali maji yanalazimika kuipenya. Kuitundika kwenye kona yenye maji tuli ni mapambo. Ibadilishe baada ya siku 3 au 4, na siku ya pili badilisha lita 20 za maji ya tangi. Hata vipande vilivyosuuzwa vinaendelea kuvuja kwa siku kadhaa, na ndiyo maana sikubaliani na anayesema beseni linatosha bila kaboni.

Supaglu haitakusaidia hapa. Inagandia ute, tumbawe linavua ute, kipande kinaelea. Weka vijiwe kwenye bakuli dogo, laza kipande upande uliokatwa uguse jiwe, funika kwa kitambaa cha shela la bibi harusi, robo mita inatosha. Usikate chandarua cha mbu! Vyandarua vingi vimetiwa dawa ya pairethroidi, na dawa hiyo inaua kamba na kaa, hata samaki. Bakuli likae penye mkondo hafifu; wiki moja hadi mbili vipande vinakuwa vimeshika. Rababendi ikikaza inapita katikati ya nyama, unajikuta na vipande viwili usivyovipanga.

Zile zoa ulizozitaja mwishoni, jamaa wa matumbawe wenye vinyama kama vitufe, zina kanuni yao. Nyingine, hasa Palythoa, zina palitoksini, sumu iliyotenganishwa Hawaii mwaka 1971, inayovuruga pampu ya sodiamu na potasiamu kwenye seli za mwili wako wewe. Usikate bila glavu na miwani, na jiwe lake usilichemshe, usilimwagie maji ya moto, usilisugue kwa brashi. Mvuke wake unalaza nyumba nzima hospitalini.

Tumbawe laini linaloitwa mti wa Kenya ndilo la kuanzia kama mikono inakuwasha kwa hamu ya kukata. Linadondosha matawi lenyewe, kazi yako ni kuokota na kuweka kwenye bakuli la vijiwe.

Na usije ukaniambia jiwe lako limegandana na mengine halitoki. Basi hukati. Egemeza vijiwe vidogo kwenye kitako cha shina na uvute subira: mara nyingi machipukizi yanatokea pale chini na kushika kijiwe yenyewe. Yakishashika unatoa kijiwe na mtoto wake, na kama bado kaunganika na mama kwa uzi wa nyama, sukuma kijiwe mbali milimita chache kila siku mpaka uzi ukatike wenyewe.