Kusoma takwimu za kijiji cha India: kwa anayeanza

Takwimu za kijiji kimoja kimoja nchini India unazozikuta leo karibu zote ni za sensa ya 2011. Ile ya 2021 iliahirishwa, na inayofuata imepangiwa Machi 2027. Kwa hiyo andika mwaka kando ya kila idadi, msomaji asije akadhani ni ya leo.

Tafuta kijiji kwa namba yake, si kwa jina. Vijiji viitwavyo Rampur ni vingi mno, hata ndani ya jimbo la Uttar Pradesh peke yake. Sensa ya 2011 ilikipa kila kijiji namba ya tarakimu 6. Inakili kabla ya kitu kingine chochote. Halafu angalia mipaka: kijiji cha Telangana utakikuta chini ya Andhra Pradesh, maana jimbo la Telangana liliundwa 2014, na wilaya zake 10 za mwanzo sasa ni 33. Ukikuta kijiji chenye wakazi 0, usikifute. Kijiji kwenye sensa hii ni eneo la ardhi lililosajiliwa, na mengine yana mashamba tu bila nyumba hata moja.

Kwenye kusoma na kuandika ndipo wengi wanapoteleza. Watoto wa miaka 0 hadi 6 wote huhesabiwa kuwa hawajui kusoma, hata aliyekwisha kujua. Basi waondoe kwanza, ndipo ugawanye. Tuseme kijiji kina watu 1,240, watoto wa umri huo ni 180, na wanaojua kusoma ni 742. Gawanya 742 kwa 1,060, upate asilimia 70. Ukigawanya kwa 1,240 unapata karibu 60, na kijiji chenye watoto wengi kitaonekana kimeachwa nyuma kuliko kilivyo.

Uwiano wa jinsia nao una mtego wake kwa aliyezoea takwimu za Tanzania, ambako huandikwa wanaume kwa kila wanawake 100. India huandika wanawake kwa kila wanaume 1,000. Mwaka 2011 jimbo la Kerala lilikuwa na 1,084, la Haryana 879. Usiishie hapo, hesabu na wa watoto wa 0 hadi 6 peke yao, kwa sababu wa watu wazima huvurugwa na wanaume waliokwenda mjini kutafuta kazi. Uwiano wa watoto ndio unaofichua mimba zinazotolewa kwa kuwa mtoto ni wa kike, na jambo hilo ni zito, halistahili hesabu ya haraka. Katika kijiji chenye watoto 12, wavulana 6 na wasichana 6 ni 1,000. Wakiwa 7 kwa 5 ni 714. Tofauti ya mtoto mmoja haithibitishi kitu. Jumlisha vijiji vya jirani kwanza.

Safu ya ST, yaani makabila yaliyoorodheshwa kisheria, Punjab na Haryana husoma 0 kwa sababu majimbo hayo hayana orodha hiyo.

Kwenye kazi, aliyefanya kazi miezi 6 au zaidi kwa mwaka huwekwa kundi kuu. Chini ya hapo huwekwa kundi la pembeni. Wanawake wengi wanaolima msimu mmoja wako kundi hilo la pili, na wengine hawamo kabisa, maana aliyejibu maswali alisema tu "yuko nyumbani". Ukitaka kujua nani analima, soma makundi yote mawili, wanawake mbali na wanaume.