Rafu ya Shangazi: Vampaya, visheti na mwalimu aliyenuna

Swali: Shikamoo Shangazi. Tuko wanawake saba hapa Kigamboni. Jumapili moja kila mwezi tunakutana saluni kwa mwenzetu, saa kumi jioni, wateja wakishapungua. Tulianza na vitabu vizito, vikatushinda. Cha mwisho alikimaliza mtu mmoja tu. Mwezi Machi mmoja wetu akaja na Twilight, kitabu alichoazima kwa binti yake: msichana Bella, Edward kijana vampaya, yaani mfu anayenyonya damu wala hazeeki, na Jacob, kijana anayegeuka mbwa mwitu. Tangu hapo hakuna anayekuja hajasoma, na sasa tuko kitabu cha tatu. Ila mwenzetu mmoja, mwalimu, amenuna. Anasema tumerudi kidato cha pili, hivyo si vitabu vya watu wazima. Na mume wa mwingine anauliza kwa nini mkewe analala na mambo ya mashetani chini ya mto. Je, tunapoteza muda kubishana Edward au Jacob? — Msomaji, Kigamboni

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze kwa kukiri. Kwa miaka mingi nilikuwa mkutubi wa shule ya bweni ya wasichana, na kitabu hicho kilitufikia ndani ya boksi la msaada: jalada jeusi, mikono miwili imeshika tufaa jekundu. Nikakiweka rafu ya juu nikidhani hakitapata mtu. Muhula haujaisha, kadi yake ya kuazimia ilikuwa imejaa mihuri pande zote mbili, nikaibandikia karatasi nyingine. Kilikuwa kikirudi na matone ya nta katikati ya kurasa, na mishumaa bwenini ilikuwa marufuku, kwa hiyo nilijua kinasomwa wapi na saa ngapi. Nikasema ngoja nikichukue nyumbani nikikague. Jogoo wa jirani aliwika bado nakagua.

Basi msinitafute mimi wa kuwahukumu.

Huyo mwalimu wenu ana hoja, ila nusu. Bella anajikwaa kila penye sakafu, na uzuri wa Edward unasifiwa mara nyingi kiasi kwamba ningekuwa na kalamu nyekundu, wino ungekauka. Lakini akisema hivyo si vitabu, muulizeni kama anaujua ukoo wa huyo kijana. Mwaka 1816 mshairi Mwingereza Byron na wenzake, akiwemo Mary Shelley aliyekuwa na miaka 18, walifungiwa ndani na mvua kando ya Ziwa Geneva. Mlima Tambora wa Indonesia ulikuwa umelipuka mwaka uliotangulia na kuharibu majira ya joto ya Ulaya. Byron akasema kila mmoja atunge hadithi ya kutisha. Mary akaanza Frankenstein. Daktari wa Byron, John Polidori, akaokota wazo ambalo bwana wake alilitupa, na mwaka 1819 ikachapishwa hadithi yake ya vampaya. Hapo ndipo vampaya, yule mfu wa hadithi za kijijini, aliyevimba na kunuka, alipovishwa koti la kibwanyenye akakaribishwa sebuleni. Carmilla wa Sheridan Le Fanu akaja mwaka 1872, Dracula wa Bram Stoker mwaka 1897, na mwaka 1976 Anne Rice akampa vampaya majuto. Stephenie Meyer, mtunzi wa Twilight, alipoota ndoto yake Juni 2003, msichana na vampaya wakizungumza kwenye uwanda wa majani msituni, nyumba ilikuwa imeshajengwa na kuezekwa. Yeye alileta mapazia.

Na huyo mwalimu mpeni kazi. Kitabu cha pili kimeegemea Romeo na Juliet. Katika hicho cha tatu mlicho nacho, Bella anasoma Wuthering Heights ya Emily Brontë, ya mwaka 1847, na Edward, asiyewapenda kabisa wahusika wake, anajikuta anamwelewa Heathcliff. Mwalimu awaeleze kwa dakika kumi huyo Heathcliff ni nani, kisha ale visheti kama wengine. Asisahihishe. Kundi la Jumapili likishapata mtu wa kusahihisha, mwezi unaofuata watu saba wanakuwa wanne. Hilo nililiona kwenye kundi letu hapa Tanga, na msahihishaji alikuwa mimi.

Sasa mume. Mwambieni kwanza kwamba Meyer ni Mmormoni, wa kanisa lisiloruhusu hayo nje ya ndoa, na Edward wake anakataa katakata kulala na msichana mpaka ndoa ifungwe. Wapo vijana walioleta posa nyumbani kwetu wasiofika nusu ya msimamo huo.

Lakini hilo la mashetani msilimalize kwa mzaha, maana sisi tumekua na mnyonya damu wetu. Nilipokuwa mtoto, uvumi ukipita kwamba mumiani wameingia mjini, magharibi hakuna aliyetumwa dukani. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaeleza mumiani kuwa dawa nyeusi yenye mnato wa gundi, halafu inaongeza kwamba watu wanashikilia ni damu ya binadamu iliyokaushwa, na kwamba uvumi ukianza, watu hawatoki nje jua likishatua. Mwanahistoria Luise White alikusanya visa vya namna hiyo katika kitabu alichotoa mwaka 2000, na Kenya na Uganda zimo: wazimamoto walioshukiwa kuwa mumiani, magari yao, watu waliosemekana kupotea usiku.

Tazameni tofauti. Mumiani hakuwa na meno marefu, hakuwa mzuri wa sura, na hakumpenda mtu. Alikuwa kazini. Damu hakuinywa yeye, aliipeleka kwa wakubwa, mwisho wa mwezi akapokea mshahara. Vampaya wa Ulaya ni bwanyenye anayejinywea mwenyewe. Wa kwetu, enzi za mkoloni, alikuwa mwajiriwa. Ningekuwa ninyi ningeipa habari hiyo Jumapili nzima, na huyo mume ningemwalika akae kwenye kiti cha kukaushia nywele, asimulie aliyoyasikia kwa bibi yake. Namtabiria ataondoka wa mwisho.

Kuhusu Edward au Jacob, bishaneni mpaka umeme ukatike, mimi sina upande. Neno moja tu. Katika kitabu cha kwanza Edward anakiri kwamba amekuwa akiingia chumbani kwa Bella usiku na kumtazama akilala, bila kukaribishwa na mtu. Kijana kazaliwa mwaka 1901, binti ana miaka 17. Nilipofika hapo nilimsomea dada yangu kwa sauti. Alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua macho: "Hapa kwetu angeshapigiwa yowe la mwizi." Siku binti mwenye kitabu akipita hapo saluni, mrudieni maneno hayo kwa sauti ya kutosha.

Swali: Shangazi, shikamoo kutoka Tacoma, jimbo la Washington. Nahudumia wazee hapa, na sisi Waswahili wanne wa kundi letu tumemaliza vitabu vyote vinne. Tunataka kwenda Forks, mji wa Bella na Edward, kwa gari. Kuna cha kuona huko au ni hadithi tu? — Msomaji, Marekani

Jibu: Marahaba. Forks upo, mji wa wakata magogo wenye watu 3,300 na kitu. Meyer alikuwa anaishi Arizona, jangwani, akatafuta kwenye intaneti mahali penye mvua nyingi kuliko pote Marekani, akaangukia hapo. Alipoanza kuuandika hakuwa amewahi kuutia machoni. Kwa hiyo makoti ya mvua kwanza, kamera baadaye. Mkitaka shamrashamra nendeni Septemba, karibu na tarehe 13, siku aliyozaliwa Bella. Shule ya kwenye filamu msiitafute, maana ile ya kwanza, ya mwaka 2008, sehemu kubwa ilipigwa Oregon.

Jambo moja nawaomba kama mama. Mkishuka mpaka La Push, pale baharini, mtakuwa mmeingia nyumbani kwa Waquileute, kabila la Jacob. Hao ni watu kweli, wana nchi yao na simulizi zao, na katika simulizi hizo asili yao ni mbwa mwitu. Msimwulize muuza samaki kama usiku anageuka. Kijiji chao kiko chini kabisa, usoni pa mawimbi, na mwaka 2012 ilipitishwa sheria ya kuwarudishia ardhi ya juu iliyokuwa ndani ya hifadhi ya Olympic ili wahame njia ya tsunami. Mambo hayo kwenye kitabu hayamo, na ndiyo ambayo mimi ningependa kuyasikia mkirudi. Niandikieni.

Swali: Shangazi, as-salaam aleikum. Kundi letu nalo linasoma Twilight, ila mwenzetu mmoja hasomi, anaangalia filamu kisha anakuja kuchangia kuliko sisi sote. Tumtoe? — Msomaji, Mombasa

Jibu: Wa aleikum salaam. Wa Kigamboni, ninyi hamjafika kitabu cha nne, funikeni gazeti hapa.

Wameondoka? Haya. Mwambieni awasimulie vita vya mwisho kwenye theluji. Akianza kuwahesabia nani kakatwa kichwa na nani kaungua, mmemkamata, kwa sababu vita hivyo viko kwenye filamu ya mwaka 2012 peke yake, na hata humo ni maono tu ya Alice, dada wa Edward anayeona yajayo. Kitabuni wanasimama wakitazamana, wanazungumza sana, kisha kila mtu anakwenda kwao. Mimi nilikasirika, nilikuwa nimejiandaa kwa damu.

Kumtoa, hapana. Anayeokoa saa kumi na tano za kusoma ndiye mwenye nafasi ya kupika. Mwezi ujao mahamri yake, na mbaazi za nazi yake, na zisiwe za kopo.